Nani Aliyezima Tanuri za Meroe?



Nitazungumzia Meroe, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Kush katika nchi tunayoiita leo Sudan, na nitaanza na taka zake kabla ya wafalme wake.

Ukitoka Khartoum ukaufuata Mto Nile kwenda kaskazini-mashariki, ukaipita Shendi, baada ya kilomita 200 hivi unafika Bagrawiya. Hapo, ukingo wa mashariki, ndipo ulipo mji wenyewe: ukuta wa makao ya kifalme, hekalu la Amun, misingi ya nyumba za matofali. Mbali kidogo, upande wa jangwani, zimesimama piramidi ambazo kila mgeni huenda kuzipiga picha. Lakini pembezoni mwa mji kuna vilima vyeusi ambavyo havikuumbwa hapo. Vilimwagwa na watu. Ukiokota kipande kimoja utakikuta kizito kuliko ulivyodhani. Kina ganda linalong'aa kidogo, na juu yake kuna mikunjo myembamba iliyofuatana, mfano wa uji mzito uliomwagika ukapoa kabla haujaenea. Ni mavi ya chuma: uchafu wa mawe ulioyeyuka tanurini ukatolewa nje kama kijito cha moto, chuma chenyewe kikabaki ndani. Hekalu moja la Apedemak, mungu mwenye kichwa cha simba, lilijengwa juu ya kilima kimojawapo. Maana yake ni kwamba siku msingi wa hekalu ulipowekwa kilima kilikuwepo tayari, tena kikubwa kiasi cha kubeba nyumba ya mungu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Archibald Sayce, msomi wa Oxford, aliviona vilima hivyo akaiita Meroe Birmingham ya Afrika ya kale. Jina likashika, na likazaa hadithi mbili. Ya kwanza inasema Meroe ndiyo iliyoifundisha Afrika nzima kuyeyusha chuma, hata sisi huku kusini tukapokea ujuzi huo mkono kwa mkono kutoka kwake. Ya pili inasema mji ulijiua wenyewe: ulikata miti yote kwa ajili ya makaa, ardhi ikawa jangwa, tanuri zikazimika, ufalme ukaanguka. Zote mbili zimeingia vitabuni na zinanoga kusimulia, hasa ya pili, kwa sababu inatupa onyo tunalolipenda. Nimekuja kuzipinga zote mbili, na shahidi wangu mkuu ni zile taka.

Kwanza tuone mji ulivyoinuka. Wafalme wa Kush, wakiwa na makao yao Napata, karibu na Jebel Barkal, waliitawala Misri katika karne ya 8 na ya 7 KK. Taharqo ndiye anayekumbukwa zaidi kati yao. Waashuri wakawatoa Misri, nao wakarudi kwao. Kwa muda mrefu wanahistoria walieleza kwamba hapo ndipo Kush ilipojifunza chuma, kwa kupigwa na majeshi yenye silaha za chuma, kisha ikachukua karne kadhaa kabla ya Meroe kuanza kuyeyusha chake. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeivunja ratiba hiyo. Kuanzia mwaka 2012 timu iliyoongozwa na mwanaakiolojia Jane Humphris ilikata vilima vya mavi ya chuma tabaka kwa tabaka, Meroe na pia Hamadab, mji mdogo ulio kilomita chache kusini yake, na kupima umri wa makaa yaliyonaswa humo. Majibu yakarudi nyuma hadi karne ya 7 KK. Kwa hiyo Wakushi walikuwa wanayeyusha chuma zama zilezile ambazo tuliambiwa walikuwa ndiyo kwanza wanakiona mikononi mwa adui.

Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 KK, tayari anautaja Meroe kama mji mkuu wa watu wa kusini ya Misri. Mwanzoni mwa karne ya 3 KK hata maziko ya wafalme yalihamia huko. Diodorus, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba makuhani walikuwa na desturi ya kumtumia mfalme ujumbe kwamba miungu imemtaka afe, naye hutii. Mfalme mmoja, anayedhaniwa kuwa Arkamani, alipopelekewa ujumbe huo aliingia hekaluni na askari wake akawaua makuhani. Siwezi kuthibitisha kisa chenyewe. Ila piramidi za Meroe zinaanza zama hizo, na mamlaka yaliyojenga piramidi yalihitaji patasi, nyundo, majembe na vichwa vya mishale.

Eneo nalo lilikuwa limebarikiwa kwa kazi hiyo. Vilima vya mawe ya mchanga vilivyo nyuma ya mji vina mbale ya chuma karibu na uso wa ardhi. Mto unaleta udongo wa mfinyanzi wa kujengea tanuri. Kandokando ya maji huota mgunga, mti mgumu unaotoa makaa mazito, yenye moto mkali unaokaa. Nyanda za Butana zilipata mvua ya kulisha ng'ombe, na wafalme wakachimba mabwawa makubwa ya kuikinga. Njia za misafara zilikutana hapo, kwenda Misri na kwenda Bahari ya Sham.

Sasa ingieni nami ndani ya karakana. Peter Shinnie, aliyechimba Meroe kuanzia miaka ya 1960, alifukua jengo la matofali lenye tanuri mbili ndani yake, la karne za mwanzo BK. Kila tanuri lilikuwa mnara mfupi wa udongo na matofali, kimo chake kama kifua cha mtu. Chini kulikuwa na tundu la kutolea uchafu. Kuzunguka tanuri palikaa mivukuto ya vyungu, chungu kikiwa kimefunikwa ngozi ambayo mvukutaji huiinua na kuishindilia, pepo ikapita kwenye kewa, yaani mrija wa udongo, hadi ndani ya moto. Mkono ukichoka moto unashuka, na moto ukishuka kazi yote imeharibika. Kwa hiyo watu walipokezana, bila shaka kwa wimbo, kwa maana sijapata kusikia kazi ya mapigo kama hiyo ikifanywa kimya mahali popote Afrika.

Wengi hudhani chuma kiliyeyuka kikamiminika. La hasha. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na tanuri la mivukuto halikulengwa kufika huko. Kilichoyeyuka, kwenye nyuzi 1,200 hivi, ni ule uchafu wa mawe. Hewa inayotoka kwenye makaa huinyang'anya mbale oksijeni yake, chembe za chuma hushikamana pole pole, na mwisho wa siku fundi hutoa bonge zito lenye matundu, limechanganyika na makaa na mabaki. Bonge hilo lilirudishwa motoni na kugongwa, tena na tena, hadi uchafu uliosalia utoke. Fundi hakuwa na kipimajoto. Alisoma rangi ya mwali, alisikiliza sauti ya pepo ndani ya kewa, alitazama jinsi mavi ya chuma yanavyotoka, kama ni mazito au mepesi. Timu ya Humphris ilijenga tanuri za namna hiyo upya na kujaribu kuyeyusha kwa mbale ya hapohapo. Tunaojivunia elimu ya maabara tunapaswa kuwaheshimu sana watu walioujua mchanganyiko huo kwa macho na masikio, wakaurithisha kwa vizazi visivyopungua 40.

Majina ya wafalme tunayo: Arkamani, Amanirenas, Amanishakheto, Natakamani na Amanitore. Majina ya waliovukuta hatunayo. Meroe ilikuwa na maandishi yake yenyewe, na tangu mwanzo wa karne ya 20 tunajua kuyatamka, kwani Francis Llewellyn Griffith alizitambua sauti za herufi zake. Lakini lugha yenyewe bado inaeleweka kwa sehemu ndogo tu. Huenda kuna jiwe linalotaja mafundi, nasi tunalitamka bila kujua linasema nini.

Nguvu ya mji huo ilionekana Roma ilipoichukua Misri. Mwandishi Strabo anasimulia kwamba majeshi ya Kush, chini ya Kandake, yaani malkia, mwenye jicho moja, yaliipiga mipaka ya kusini ya Misri miaka ya 20 KK na kuangusha sanamu za Kaisari. Gavana Petronius akajibu kwa kuishambulia Napata. Vita vikaisha kwa mapatano katika kisiwa cha Samos, ambapo Augusto aliwafutia Wakushi kodi aliyokuwa amewatoza. Mwaka 1910 John Garstang, akichimba Meroe, alikifukua kichwa cha shaba nyeusi cha Augusto huyo, macho yake ya kioo na jiwe bado yametumbua. Kilikuwa kimezikwa chini ya ngazi za hekalu la ushindi, ili kila anayeingia amkanyage mtawala wa Roma kichwani. Leo kichwa hicho kiko London.

Sasa nigeukie anguko.

Hadithi ya misitu ilipata nguvu katika miaka ya 1980. Ilikuwa hoja ya akili timamu: tanuri hula makaa mengi, makaa hula miti mingi, na nchi ile leo ni kavu. Iliyokosekana ni kuyapima makaa yenyewe. Yalipopimwa, kwenye vilima vya vipindi mbalimbali, ikaonekana kwamba sehemu kubwa mno ni ya mti mmoja, mgunga, tangu tabaka za zamani hadi za mwisho. Fikirini maana yake. Mji unaomaliza misitu huacha alama: kwanza huchoma mti bora, ukiisha huchoma wa pili kwa ubora, kisha chochote kinachowaka, hata vichaka. Tabaka za Meroe hazionyeshi kuteremka huko. Mafundi waliendelea kupata mti waliouchagua kwa muda unaozidi miaka 1,000. Mgunga hukua haraka penye maji ya mafuriko na huchipua tena ukikatwa. Ama mto uliwatunzia, ama walikuwa na utaratibu wa kukata na kuacha. Mimi naamini vyote viwili vilikuwepo. Wanaowahukumu mafundi wa Meroe kwamba waliila nchi yao wanatakiwa kuleta makaa ya kuthibitisha hukumu hiyo, na makaa yaliyopo yanawakana.

Kilichobadilika ni ulimwengu uliouzunguka mji. Katika karne ya 3 BK Roma iliyumba na Misri ya Kirumi ikayumba nayo, na mnunuzi mkubwa wa kaskazini akapungua. Biashara ya Bahari ya Sham ikazidi kushikwa na ufalme wa Aksum kupitia bandari yake ya Adulis, na bidhaa za ndani zikapata njia ya baharini isiyohitaji kupita Meroe. Watu wa jangwani wakazibana njia za Nile, na watu waitwao Wanoba wakaingia mashariki ya mto kwa wingi. Piramidi zinasimulia kufilisika huko kwa lugha ambayo kila mmoja anaweza kuisoma: zinakuwa ndogo kila kizazi, kutoka mawe ya kuchonga hadi kokoto na matofali yaliyopakwa lipu. Katikati ya karne ya 4 zinakoma.

Katika zama hizohizo Ezana, mfalme wa Aksum, alichora juu ya jiwe habari za vita vyake bondeni mwa Atbara na Nile. Anasema alichoma miji ya mawe na miji ya nyasi, akawafukuza Wanoba, akafika kwa Wakasu, ambao ndio Wakushi. Katika orodha ya nyara zake ametaja nafaka, shaba na chuma. Msomaji anayesoma haraka atahitimisha kwamba Ezana ndiye aliyeiua Meroe. Tazameni tena anachokisema. Anawakuta Wanoba wameshakaa katika nchi ya Kush, wanatesa majirani na kupora wajumbe, na wala hatuambii habari ya mfalme mmoja mwenye nguvu aliyesimama dhidi yake. Dola ilikuwa imeshachakaa kabla hajaikuta.

Na hapa ndipo tabaka za juu za vilima vyeusi zinapotoa ushahidi wao mkubwa. Tarehe za mavi ya chuma katika eneo la Meroe zinapita mwaka 350. Ufalme ulipokwisha, uyeyushaji haukukoma siku hiyo wala mwaka huo. Uliendelea baada ya maziko ya mwisho ya kifalme. Wafalme waliondoka, waandishi wakaacha kuandika, hekalu la Amun likabomoka, na bado mtu fulani aliendelea kukata mgunga, kupanga makaa na kuvukuta, kwa sababu mkulima alihitaji jembe hata kama hana mfalme. Kazi ilififia taratibu, kadiri wateja walivyotawanyika. Aliyezima tanuri za Meroe hakuwa msitu wala Ezana. Mji ulijengwa kuhudumia dola na biashara yake, na vitu hivyo viwili vilipoondoka, ujuzi wenyewe haukutosha kuufanya uendelee kuwa mji.

Nirudi sasa kwenye hadithi ya kwanza, kwa maana inatuhusu hapa kwetu. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Bruce Trigger aliandika makala akiiita Meroe, kama mama wa chuma wa Afrika, ngano. Alikuwa na haki. Vijiji vya utamaduni wa Nok, Nigeria, viliyeyusha chuma karne kadhaa kabla ya Kristo, kwa tanuri za namna nyingine. Na Kagera, hapa Tanzania, je? Pale Katuruka, karibu na Bukoba, wazee wa Kihaya walikuwa wakisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyeamuru ujengwe mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na walikuwa wakionyesha mahali penyewe, kwenye mti mtakatifu wa Kaiija. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza, akachimba pale walipomwonyesha, na chini yake akakuta mabaki ya uhunzi wa kale sana, pamoja na vyungu vya kale vya mtindo uitwao Urewe. Wapo wanaozibishia tarehe za awali kabisa, na ubishi huo ni halali. Lakini hakuna anayebisha kwamba watu wa kando ya Ziwa Victoria waliyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita, wala kwamba masimulizi ya wazee yalihifadhi mahali pa kazi hiyo kuliko ramani yoyote.

Mwaka 1976 wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga tanuri tena mbele ya Schmidt. Walichimba shimo wakalijaza matete ya bwawani yaliyounguzwa, wakazungusha ukuta kwa udongo wa kichuguu, wakaingiza kewa ndefu hadi ndani ya moto ili pepo ipate joto kabla ya kutoka. Hilo si tanuri la Meroe. Umbo ni jingine, mfumo wa kuondoa uchafu ni mwingine, na fikra iliyolizaa ni nyingine. Ukienda Ufipa utakuta malungu, tanuri refu kuliko mtu, nalo lina ustadi wake. Kuhusu pwani yetu nayo, mwanajiografia al-Idrisi aliandika katika karne ya 12 kwamba watu wa Malindi walipata faida kubwa katika chuma chao. Mtu anayetaka kuitukuza Afrika hana haja ya kutafuta mji mmoja uliowafundisha wote. Kila bonde lilikuwa na mafundi wake, nao wanastahili kusomwa kwa vipimo vyao.

Kazi hiyo huku kwetu ilizimwa majuzi tu, na majembe ya bei nafuu yaliyoshushwa kutoka melini. Wazee wa Kagera walioonyesha kazi yao mwaka 1976 walikuwa miongoni mwa wa mwisho kuijua kwa mikono.

Meroe nayo imeharibiwa katika zama za karibu. Mwaka 1834 Mtaliano Giuseppe Ferlini alibomoa vilele vya piramidi akitafuta dhahabu, akapata vito vya malkia Amanishakheto na kuviuza Ulaya. Reli iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 ilikatiza kwenye vilima vya mavi ya chuma. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka Meroe, pamoja na Naqa na Musawwarat es-Sufra, katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu Aprili 2023 Sudan iko vitani, Makumbusho ya Taifa ya Khartoum yameporwa, na wenzetu Wasudani waliozitunza hazina hizo, wengine wakiwa walimu na wachimbaji niliosoma kazi zao kwa miaka mingi, wametawanyika ukimbizini. Nawataja ili mjue kwamba mnapokutana nao katika miji yetu, mmekutana na walinzi wa historia yenu pia.

Lakini hatuhitaji vita kupoteza tulichonacho. Vilima vyetu vya mavi ya chuma havina uzio wala kibao. Vinalimwa, vinajengewa, vinachotwa kufukia mashimo ya barabara, kwa sababu aliyevichota hakuambiwa ni nini. Kipande kimoja kinaweza kuwa na makaa ndani yake, na makaa hayo yanaweza kutaja mwaka na mti. Kikishasagwa chini ya tairi hakiwezi kutaja chochote.

Basi ombi langu kwenu ni jepesi, na nalielekeza kwanza kwa walimu na wanafunzi. Anayekijua kilima cha mawe meusi mazito kijijini kwake amuulize mzee wa pale alichosikia kwa babu yake, aandike jina la mahali na jina la aliyesimulia, kisha apeleke habari kwa afisa utamaduni wa wilaya yake kabla greda halijafika.